Oili Kwenye Gari la Mkunga

Mkunga alikuja Jumanne asubuhi gari lake likivutwa kwa kamba. Alikuwa ameshika usukani, kichwa nje ya dirisha, anamfokea dereva wa mbele apunguze mwendo kama vile dereva ndiye anayejifungua.

"Limechemka," alimwambia Mama kabla hata hajashuka. "Mshale wa joto umepanda mpaka ukafika mwisho wa njia yake. Nikazima. Kufungua boneti, nikaona uchafu. Na mimi kwa kazi yangu, fundi, uchafu nimeuzoea."

Mama akacheka, akafuta mikono. Mama ndiye fundi. Karakana ni uwanja wa nyumba yetu wenyewe: bati juu, zege chini, benchi la mbao limeegemea ukuta wa jikoni, na kompresa ambayo ikiwaka vikombe vyote kabatini vinatetemeka. Ilikuwa likizo, kwa hiyo nilikuwepo. Kazi yangu ni kushika taa, kuosha vifaa, na kuandika kwenye daftari kila anachokipima. Mambo ya kuongea na wateja hayanihusu. Mkunga ananiita Kimya.

"Kimya, hujambo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Mwenye maneno mengi nipo mimi."

Mama alisubiri injini ipoe. Halafu akaweka tambara juu ya mfuniko wa tenki la maji, lile la plastiki pembeni ya injini, akauzungusha kidogo kidogo mpaka pumzi ikaisha. Akaufungua. Nikasogeza taa.

Hakukuwa na maji. Kulikuwa na kitu kizito, cheupe cha kuelekea manjano, kimegandia kwenye kuta za tenki kama mtindi uliosahaulika. Mama alichovya kidole, akasugua na gumba, akanusa.

"Oili," akasema.

"Oili kwenye maji?" Mkunga akauliza. "Vimekutana wapi? Si kila kimoja kina njia yake?"

"Kina njia yake. Zinapita jirani, ukuta mmoja. Ukuta ukitoboka, ndiyo hivi."

"Na utakuwa umeujua ukuta wenyewe lini? Maana mimi watu wangu hawasubiri. Mtoto akitaka kutoka hatazami kalenda."

"Ijumaa," Mama akasema.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni, anachambua nati. Babu ni baba yake Mama. Ameendesha malori miaka thelathini na nne na bado anatembea kama mtu anayetafuta pedeli. Akainuka, akaja, akachungulia tenki.

"Maji yamekuwa maziwa," akasema. "Vizuri."

"Vizuri nini, Baba? Gari la watu limekufa."

Babu akamtazama, akatazama tenki tena, akarudi kwenye nati zake. Mimi nilidhani ni maneno ya mtu mzima tu.

Hapa lazima niseme habari ya Babu na magari ya wateja. Miezi miwili kabla, Mama alikuwa ameenda kununua vipuri, na mteja mmoja akaacha gari limwagwe oili. Babu akaona asikae bure. Akamwaga, akarudishia boliti ya chini, akaikaza. Akaikaza kwa mkono wa malori. Ikakatika. Mama alikaa chini ya lile gari siku nzima anatoa kipande kilichobaki ndani, na alipotoka alikuwa na oili mpaka kwenye nyusi. Akasema polepole, na Mama akisema polepole ni heri apige kelele:

"Baba. Ukigusa tena gari la mteja, nampigia kaka aje akuchukue."

Kaka yake, yaani mjomba, anakaa ghorofa ya nne. Yeye na mkewe wanatoka asubuhi wanarudi jioni. Babu alishawahi kupelekwa kule akapumzike mwezi mmoja. Siku ya tano akarudi peke yake, amepungua. Tulipomuuliza kulikuwaje, akasema: "Kuna kapeti." Akaketi kwenye kigoda, akavuta kopo la nati.

Kwa hiyo tangu siku ile Babu anachambua nati tu. Ndogo kopo hili, kubwa kopo lile, zilizokufa nyuzi kopo la tatu. Hagusi gari.

Basi, Mama akaanza kutafuta ukuta uliotoboka.

Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Oili nyeusi ti, imechelewa kubadilishwa, lakini nyeusi safi, haina weupe wowote. Akafungua mfuniko wa kujazia oili, akatazama chini yake. Hakuna mtindi. "Andika," akaniambia. "Oili imeingia kwenye maji. Maji hayajaingia kwenye oili."

Nikaandika.

"Maana yake nini?"

Nikainua mabega.

"Injini ikiwaka, oili inasukumwa kwa nguvu kuliko maji. Tundu likiwepo kati yao, oili ndiyo inayovuka. Ni kama nyumba mbili zina mlango mmoja katikati, mwenye vurugu ndiye atakayeingia kwa mwenzake."

Akatoa plagi zote nne, akapima mgandamizo wa kila silinda, mimi nikiandika namba. Zote karibu sawa. Akalijaza gari maji, akaliwasha kidogo, akatazama kama kuna mapovu kwenye tenki. Hakuna. Nyuma kwenye bomba la moshi, hakuna moshi mweupe. Akazima upesi kabla halijachemka tena.

"Silinda ziko salama. Inabaki kipoza oili."

Kipoza oili ni kitu kama kiboksi kidogo cha aluminiamu, oili inapita tabaka moja na maji tabaka jingine, oili inapoa. Mama anasema mara nyingi ugonjwa wa aina hii uko hapo, na akiukuta hapo anashukuru, kwa sababu kipoza unabadilisha kwa saa mbili na maisha yanaendelea. Kabla hajakitoa, ilibidi maji yote yamwagwe. Yakatoka mazito, yanakwama kwenye tundu, mimi nikiyakinga kwenye beseni. Akaniambia niweke kidogo kwenye chupa ya kioo ili amwonyeshe Mkunga. Nikajaza chupa, nikaiweka dirishani mwa stoo.

Jumatano ikapita yote kwenye kipoza. Kilikuwa nyuma ya injini, mahali ambapo mkono unaingia lakini hautaki kutoka. Mama alikichomoa saa sita, amechubuka vidole vitatu. Akaziba tundu moja kwa mpira, jingine akaunganisha na hewa ya kompresa, akakizamisha kwenye beseni la maji. Kama kimetoboka, mapovu yatatoka.

Tukainama wote wawili, tukatazama. Maji yakatulia kabisa. Mama akaongeza hewa, vikombe vya jikoni vikalia. Halikutoka hata povu moja.

"Labda maji baridi yanakibana," akasema. Akachemsha maji, akakizamisha tena. Tukatazama tena. Hakuna.

Mama alikaa juu ya tairi akafumba macho.

"Hedi," akasema. "Imebaki hedi. Imepasuka ndani, au gasketi yake imekatika kati ya njia ya oili na njia ya maji. Kesho nafungua."

Kufungua hedi si mchezo. Hedi ni kifuniko kizima cha injini, na injini ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama barua. Ukishaifungua utaifunga, lakini mwenyewe utajua iliwahi kufunguliwa. Gasketi mpya ya kuziba katikati, boliti mpya, hedi yenyewe ipelekwe kusawazishwa. Ijumaa ingekuwa hadithi. Mama alimpigia simu Mkunga nikisikia. Mkunga hakufanya mzaha. Alisema tu, "Sawa, fundi. Nitatembea."

Jioni ile nilienda stoo kurudisha spana. Ile chupa ya dirishani nikaiona.

Ilikuwa imejitenga. Chini maji machafu, katikati weupe, na juu kabisa, unene wa vidole viwili, oili imeelea peke yake. Jua la jioni lilikuwa linapita ndani yake. Ilikuwa ya rangi ya asali.

Nikasimama pale muda mrefu. Oili ya lile gari ni nyeusi, niliiona mwenyewe kwenye kijiti. Ikitoka kwenye injini nyeusi, itafikaje kwenye maji ikiwa asali?

Nikararua karatasi mbili za daftari. Ya kwanza nikadondoshea tone kutoka kwenye kijiti cha gari. Ya pili nikadondoshea tone la juu ya chupa. Nikaziweka pamoja. Moja ilikuwa doa jeusi kama jicho. Nyingine ilikuwa doa linalopitisha mwanga, hata mistari ya daftari ilionekana.

Halafu nikatazama rafuni. Galoni la oili mpya, ambalo Mama alilifungua kwa ajili ya gari jingine, lilikuwa limepungua kuliko nilivyokumbuka. Na hapo ndipo nikakumbuka "vizuri" ya Babu. Nikakumbuka pia kwamba wiki tatu nyuma, Mama akiwa kwa muuza vipuri, Mkunga alipita mbio akaomba aongezewe maji kwenye tenki. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nikaingia ndani kuvua sare. Nilipotoka, Mkunga alikuwa ameshaondoka na Babu ameketi kwenye kigoda, ametulia mno.

Nikachukua chupa nikamfuata. Alikuwa bado na nati zake.

"Babu."

"Mjukuu wangu."

Nikampa chupa. Akaiinua juu, akaizungusha.

"Hii nini?"

"Maji ya Mkunga."

Akanitazama. Nikamtazama. Akashusha chupa magotini.

"Nilimtilia oili kidogo," akasema. "Kutu isiingie. Gari la mama mmoja anazunguka usiku na mchana, nikasema nimsaidie."

"Oili, Babu? Kwenye maji?"

"We mtoto wa juzi. Sisi malori yote tulifanya hivyo. Unapita kwa fundi wa kerezo, yule anayechonga vyuma, anakupa kikombe cha ile oili anayomwagia chuma kisiungue. Unaitia kwenye rejeta, maji yanageuka maziwa. Basi. Maji yakishakuwa maziwa, kutu haisogei. Lori langu la pili nililiacha na rejeta ile ile niliyokabidhiwa nayo."

"Sasa hii uliitoa kwa fundi wa kerezo?"

"Wa kumpata wapi siku hizi? Nilichukua pale rafuni. Oili ni oili."

Mimi kuwabishia watu siwezi, sembuse Babu. Nikamwelekeza tu kidole kwenye chupa, pale juu palipojitenga.

"Ile yenu ilikuwa inakaa hivi?"

Babu aliinua tena chupa kwenye mwanga. Akaitikisa. Akasubiri. Weupe ukachanganyika, na kabla hajamaliza kuhema, tone moja la asali likapanda juu, likafuatwa na jingine.

"Hapana," akasema taratibu. "Ile ilibaki maziwa mwezi mzima. Haikujitenga kabisa."

"Kumbe ile imetengenezwa ili ikubaliane na maji."

"Na hii haikubaliani." Akaiweka chupa chini kwa uangalifu kama yai. "Inagandia. Inaziba."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kikombe cha chai."

"Nusu?"

"Nilijaza. Na kingine nusu, kwa sababu kimoja hakikugeuza maji yote."

Ndani, Mama alikuwa anapanga vifaa vya kesho, vinagongana kwenye sinia la bati.

"Anafungua hedi saa ngapi?"

"Asubuhi."

Babu akatazama mikono yake. Ni mikubwa, imeingia weusi kwenye mistari ambao hautoki hata kwa mafuta ya taa.

"Kule kwa mjomba wako," akasema, "dirisha halifunguki lote. Linafunguka kiasi cha kupitisha daftari." Akakohoa. "Usimwambie Mama yako. Nitamwambia mimi. Asubuhi."

Nikakubali.

Asubuhi Babu hakutoka chumbani.

Mama alinywa chai amesimama, akaanza. Akatoa kisafisha hewa. Akatoa waya za plagi, akanipa nizipange kwa mpangilio wake. Akatoa kifuniko chembamba kinachokaa juu ya hedi. Kila alipotoa kitu nilikuwa nageuka natazama mlango wa chumba cha Babu. Mlango umefungwa. Kigoda kiko peke yake na makopo yake matatu. Nikajifanya nimeangusha nati, nikaenda kuiokota karibu na mlango, nikasikiza. Kitanda kililia, kikatulia.

"Kuna nini huko?"

"Nati."

"Njoo. Nipe namba kumi na saba."

Spana namba kumi na saba ilikuwa mkononi mwangu. Boliti za hedi zilikuwa kumi, zimekaa kwenye mashimo yao, hazijawahi kuguswa tangu kiwandani. Mama alikuwa amenyoosha mkono bila kugeuka, kama kawaida.

Sikumpa.

"Namba kumi na saba, mwanangu."

Sikumpa. Akageuka.

"Una nini wewe? Unaumwa?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, nayajua yalikuwepo, yalikuwa yamepangana kabisa. Lakini kulikuwa na yale ya kumwokoa Babu na yale ya kuiokoa injini, na yote yalitaka kupita mlango mmoja. Nikaweka spana chini. Nikatoa zile karatasi mbili mfukoni, nikampa.

Mama alizitazama. Akazisogeza kwenye taa.

"Hii nyeusi?"

"Ya injini."

"Na hii?"

"Ya kwenye maji."

Akaipaka kidoleni ile ya pili. Akainusa. Mama hahitaji kuelezwa jambo la magari mara mbili. Nilimwona akirudi nyuma kichwani siku zote mbili, kipoza, mapovu, vidole vilivyochubuka, mpaka akafika mwanzo.

"Hii haijawahi kuona moto," akasema. "Haijawahi kupita kwenye injini hata siku moja. Hii imetoka kwenye galoni." Akatazama rafuni. Akatazama kigoda. "Baba yuko wapi?"

Nikatazama chini.

"Nakuuliza."

Mlango ukafunguka. Babu alikuwa amevaa shati la kutokea na viatu vya kamba. Mkononi ana begi lake la safari, limefungwa. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, akaliweka chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nakuja kusema. Viatu ndivyo vimenichelewesha."

"Ulitia oili kwenye maji."

"Kikombe na nusu."

Mama hakupiga kelele mara moja. Alivuta pumzi, akaishika, halafu ikatoka yote kwa pamoja.

"Siku mbili, Baba! Siku mbili nimeinama kwenye beseni natafuta mapovu kama mtoto anayeoga! Nimechemsha maji! Nimechuna vidole! Na wewe umekaa pale, umeniangalia, unahesabu nati!"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? 'Baba, samahani, hivi kwa bahati umetia oili kwenye maji?' Nani duniani anauliza swali kama hilo?"

"Ukiona maziwa kwenye rejeta, unamuuliza mtu wa malori," Babu akasema. Halafu akaona mwenyewe kwamba haikumsaidia. "Sikujua kama ndiyo ugonjwa. Nilidhani mnatafuta kingine. Jana huyu ndiye aliyenionyesha."

Mama akanigeukia. "Jana?"

Nikatamani kuingia kwenye kopo la nati zilizokufa.

Akachukua simu akaenda nyuma ya nyumba. Tulisikia "kaka," tukasikia "kesho jioni," tukasikia "hapana, safari hii nimeamua." Babu alisimama pembeni ya begi lake kama abiria.

Mkunga naye alichagua saa hiyo hiyo kufika. Alikuja kwa miguu, begi la kazi begani, vumbi mpaka magotini.

"Mbona mnasimama kama mko msibani? Gari limekufa kabisa?"

Mama alikuwa amerudi. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema ni kipoza, nani angejua. Nilimwona anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Dada, gari lako ni zima," akasema. "Halijatoboka popote. Ugonjwa tumelitia sisi. Siku ile uliyoomba maji, uliwekewa na oili."

Mkunga akamtazama Babu. "Mzee. Si uliniambia unanitilia maji?"

"Na dawa kidogo."

"Na mimi nikakuombea maisha marefu!" Akashusha begi. "Unajua jana nimetembea saa nzima? Nafika, mtoto ameshatoka, anaangalia dari. Bibi yake ndiye kampokea."

"Mzima?" Babu akauliza.

"Mzima. Mama yake mzima. Lakini mimi napenda tusalimiane anapoingia, si nimkute ameshakaa." Akamtazama Babu zaidi, na begi lililo miguuni pake, na viatu. Akamtazama na Mama. "Haya. Ijumaa iko pale pale?"

"Iko pale pale," Mama akasema. "Mipira ya maji nabadilisha yote, oili huwa inaivimbisha. Hiyo ni juu yetu."

Mkunga alipoondoka, Mama akamwambia Babu, bila kumtazama: "Vua hivyo viatu. Hutaondoka na kuniachia huu uchafu. Utausafisha mwenyewe mpaka tone la mwisho, ndipo uende."

Basi Alhamisi hiyo na Ijumaa, Babu akagusa gari la mteja kwa amri.

Kipoza kilirudi mahali pake, kifuniko cha juu ya hedi kikarudi. Mama akatoa themostati, ili maji yazunguke kila mahali bila kizuizi. Babu akang'oa mipira. Ya chini ilikuwa laini kama nyama, ukiibonyeza hairudi. Tenki la plastiki akalitoa kabisa, akatia konzi ya mchele mkavu, sabuni na maji ya moto, akaziba tundu kwa kiganja, akalitikisa kama mpiga manyanga. Mchele unakwangua mahali ambapo brashi haifiki. Hilo Mama alikuwa halijui. Aliangalia kwa pembe ya jicho.

Halafu ndiyo kuosha kwenyewe. Unajaza maji ya moto na sabuni ya unga, ile isiyo na povu jingi, maana povu likijaa mle ndani hutalimaliza mwaka huu. Unawasha, unafungua na hita, kwa sababu kile kirejeta kidogo cha hita nacho kimekunywa oili. Unasubiri mpira wa juu upate moto, unazima, unasubiri kidogo, unamwaga kwenye ndoo. Unarudia. Mimi nachovya kipande cha karatasi nyeupe, natazama kama kinatoka na duara la mafuta, naandika:

Mara ya kwanza, uji. Ya pili, uji wa mgonjwa. Ya tatu, maji ya vyombo. Ya nne, maji ya vyombo, lakini vyombo vya watu wawili. Ya tano, afadhali.

Mama alisoma juu ya bega langu, akaniambia niandike kama mtu mwenye akili. Lakini midomo yake haikukaa sawa.

Babu ndiye aliyesema tugeuze maji: bomba la uwanjani lisukume kutoka chini ya rejeta kwenda juu, kinyume na njia yake. "Uchafu umejikunyata kwenye mgongo," akasema. "Ukiusukuma mbele unajishikilia. Usukume kinyumenyume." Tukafanya. Yakatoka mabonge ambayo tulidhani yameisha. Mama akasema, "Ehe," basi.

Ijumaa mchana, mara ya saba, karatasi ilitoka na duara jembamba kama uzi. Ya nane, maji matupu bila sabuni, duara halikuonekana vizuri. Ya tisa, karatasi ilitoka imelowa tu. Nikaiinua kwenye jua. Safi. Nikampa Mama.

Akaitazama. "Rudia," akamwambia Babu.

Ya kumi, safi.

"Rudia."

Babu hakulalamika. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, suruali imekunjwa, anajaza, anamwaga. Mimi nilidhani ni uangalifu wa Mama tu. Tukiwa kwenye mara ya kumi na moja, honi ikapigwa nje, mjomba akaingia na shati lake la ofisini, funguo zinazunguka kidoleni.

"Shikamoo Baba. Twende? Nimeacha gari barabarani."

Babu akashika ukingo wa ndoo, akaanza kuinuka. Magoti yakalia.

"Hajamaliza," Mama akasema. Alikuwa ameinama kwenye injini, kichwa hakionekani.

"Hajamaliza nini?"

"Kuosha. Kosa ni lake, atalimaliza mwenyewe."

"Si ulisema leo jioni?"

"Nilisema akimaliza."

"Dada, hukusema akimaliza. Ulisema safari hii umeamua."

"Nimeamua akimaliza. Oili haitoki kwenye maji kwa siku moja, kaka. Wewe ungejua kama ungewahi kushika spana."

Mjomba akasogea. Si mtu mbaya, mjomba, ni mtu wa kuhakikisha. Akainamia ile ndoo ili atazame mwenyewe. Mama akatoka kwenye injini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, akaidaka ndoo chini ya pua yake, akaimwaga yote kwenye mfereji. Maji yalipita kwenye zege mbele yetu, safi kabisa, ukaona mpaka mchanga uliokuwa chini.

"Umeona?" akasema. "Machafu."

Mjomba akatazama zege. Akamtazama dada yake. Akanitazama mimi, na mimi nikaangalia daftari langu, nikaandika kitu chochote.

"Nirudi lini?"

"Nitakupigia."

Alikunywa maji glasi moja, akaagana, akaondoka na funguo zake.

Mama akafunga mipira mipya, akarudisha themostati, akaleta kidumu cha maji ya kijani ya rejeta. Babu alikuwa bado amesimama na ndoo tupu. Akakohoa.

"Hayo niyatie mimi?"

"Usithubutu."

"Sawa." Akangoja kidogo. "Na begi?"

Mama alikuwa anamimina polepole, jicho kwenye mstari wa tenki, maji yasiupite.

"Liondoe hapo," akasema. "Linazuia njia. Mkunga yuko karibu kufika."